Maswali ya Wasomaji: Nyuzi za Ukulele ya Baritoni

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Tanga, na jioni ninafundisha kwaya ya watoto. Mpwa wangu anayeishi Ujerumani aliniletea ukulele, kile kigitaa cha nyuzi nne, tena ile kubwa inayoitwa baritoni, ambayo nyuzi zake mbili zilikuwa zimekatika. Nilikwenda kwenye duka la ala za muziki nikauziwa pakiti iliyoandikwa kuwa ni ya soprano na konsati, yaani aina ndogo za ukulele, na muuzaji akanihakikishia kwamba nyuzi za ukulele ni zile zile, ukubwa wa ala haujalishi. Nilipozifunga na kuzikaza hadi sauti za G, C, E na A, kuanzia uzi wa nne hadi wa kwanza, kama pakiti ilivyoelekeza, zilikuwa ngumu kiasi cha kuniumiza vidole, na siku ya pili uzi wa kwanza ukakatika. Nikanunua pakiti nyingine kama ile, lakini safari hii mpiga gitaa wa kanisani kwetu alinishauri nizilegeze zote hadi D, G, B na E. Ugumu umekwisha, ila uzi wa nne unalia juu kuliko wa tatu na ala haina besi hata kidogo. Je, nimeiharibu? Na ninunue nyuzi gani?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Sidhani kama umeiharibu, lakini kabla ya kuendelea na jambo lingine chukua karatasi nyembamba ujaribu kuipenyeza chini ya daraja, kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi juu ya kasha, kwa upande wa nyuma. Karatasi ikikataa kuingia, gundi imestahimili na unaweza kulala usingizi. Ikiingia, zilegeze nyuzi zote leo hii, kisha umpelekee fundi aligandishe upya kabla halijang'oka lenyewe na kuondoka na maganda ya ubao wa juu.

Yaliyokupata yana maelezo ya hesabu, na hesabu yenyewe ni fupi. Uzi ule ule ukiutaka utoe sauti ile ile kwenye ala ndefu zaidi, mkazo wake huongezeka kwa mraba wa uwiano wa urefu. Sehemu ya uzi inayotetemeka kwenye ukulele ya konsati ina sentimita 38 hivi, na kwenye baritoni kubwa hufika sentimita 51. Gawanya 51 kwa 38, zidisha jibu kwa lenyewe, utapata 1.8. Kwa hiyo ulipozikaza nyuzi za konsati hadi G, C, E na A, ulizipa mkazo uliozidi asilimia 80 juu ya ule zilioundiwa, na mzigo huo wote uliangukia daraja na vidole vyako. Mpiga gitaa wenu alikushauri vyema, pengine bila kuijua hesabu yenyewe. Kushuka kutoka A hadi E, na vivyo hivyo kwa nyuzi nyingine, ni kushusha mitetemo hadi robo tatu ya ilivyokuwa, na robo tatu ikizidishwa kwa yenyewe ni 0.5625. Zidisha 1.8 kwa 0.5625 nawe utapata 1 na kisehemu kidogo mno, yaani nyuzi zako sasa zimerudi karibu kabisa kwenye mkazo zilioundiwa. Ndiyo maana vidole vimepona.

Linalobaki ni uzi wa nne. Ukulele ndogo zina desturi ya kuwa na uzi wa nne unaolia juu, kiasi kwamba sauti ya chini kabisa inatoka kwenye uzi wa tatu, na ni desturi hiyo inayozipa ule mlio wa kuchezacheza ambao watu wameuzoea tangu wahamiaji wa Kireno kutoka Madeira waliposhuka Honolulu mwaka 1879 na vigitaa vyao, Wahawaii wakavipokea na kuvipa jina la ukulele. Baritoni haikuzaliwa huko. Ilitokea Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, ikaenezwa sana na mtangazaji Arthur Godfrey, na tangu mwanzo ilipewa sauti za nyuzi nne za juu za gitaa, D, G, B na E, zikipanda kwa mpangilio ulionyooka ambao uzi wa nne ndio wa chini kuliko wote. Pakiti yako ilikuwa ya ndugu zake wadogo, nayo ikaja na desturi ya kwao.

Huna haja ya kununua pakiti nyingine nzima. Tafuta uzi mmoja tu, D ya gitaa linalotumia nyuzi za nailoni, yaani uzi wake wa nne, ambao ni nyuzinyuzi laini zilizovikwa waya wa shaba uliopakwa fedha. Uzi huo kwenye gitaa lenye urefu wa uzi wa sentimita 65 huvuta kama kilo 7. Kwa sauti ile ile kwenye sentimita 51 utavuta kilo 4 na kitu, kiasi kinachofaa kabisa kwa baritoni. Chukua na sumaku ndogo uendapo dukani, kwa sababu uzi wenye kiini cha chuma cha pua hufanana sana na huu kwa macho, na wauzaji huchanganya. Uzi ukinaswa na sumaku, mrudishie mwenyewe. Nyuzi za chuma zinavuta kwa nguvu nyingi kuliko nailoni, nazo shingo ya baritoni kwa kawaida haina fimbo ya chuma ndani yake wala ubao wake wa juu haukupigwa mbavu za kubeba mzigo huo.

SWALI: Ninaandika kutoka Kisumu. Nimepiga gitaa miaka kumi na moja, na sasa nina baritoni. Kwenye intaneti naona nyuzi za nailoni, za flurokaboni, za Nylgut, nyingine zina waya kwenye D na G, nyingine kwenye D peke yake, nyingine hazina waya kabisa. Nilijaribu kuhamisha nyuzi nne za gitaa langu la klasiki kama zilivyo, D, B na E zikanipendeza, lakini G ilikuwa kama kupiga debe lililojaa nguo. Tofauti iko wapi hasa, na wewe ungechagua zipi?

JIBU: Ndugu yangu, sikio lako limelipata jibu kabla yangu. G ya gitaa la klasiki hulalamikiwa hata ikiwa kwenye gitaa lenyewe, na ukiielewa hiyo moja umeielewa baritoni nzima, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Uzi unaotakiwa kutoa sauti ya chini bila kulegea lazima uwe mzito. Kwa mada moja, yaani malighafi ile ile, njia pekee ya kuuongezea uzito ni kuunenepesha. Lakini uzi mnene haupindi kirahisi kule mwishoni, unapokutana na daraja na unapobonyezwa na kidole. Unaanza kufanya kazi kama kijiti badala ya kamba. Zile sauti ndogondogo za juu zinazoupa mlio mwangaza hupanda kuliko zinavyostahili, kisha hufa mapema, na kinachobaki ni kishindo butu. Kwenye gitaa, G isiyovikwa waya ina unene wa kama milimita moja. Uhamishie uzi huo huo kwenye baritoni, mkazo wake unashuka hadi kama asilimia 62 ya ule wa awali, lakini unene wake haujapungua hata unywele. Ulegevu umekutana na unene, na hapo ndipo debe lako lilipojazwa nguo.

Sasa tazama mada zenyewe. Sentimita moja ya ujazo ya nailoni ina uzito wa gramu 1.14 hivi. Nylgut, mada iliyobuniwa na kampuni ya Aquila ya Italia ili kuiga utumbo wa mnyama uliokuwa ukitengenezewa nyuzi zamani, ina gramu 1.3. Flurokaboni, aina ya plastiki nzito, ina gramu 1.78. Nimepiga hesabu ya baritoni ya sentimita 51 ambayo kila uzi wake unavuta kilo 4 na nusu. Kwa nailoni, E inahitaji unene wa milimita 0.66, B milimita 0.88, G milimita 1.11, na D milimita 1.5, ambayo ni kamba ya kuanikia nguo wala si uzi wa muziki. Kwa flurokaboni, E inakuwa milimita 0.53, B milimita 0.71, G milimita 0.89, na D milimita 1.19. Utaona kwamba G ya flurokaboni ni nyembamba sawa na B ya nailoni, nayo B ya nailoni haijawahi kumlalamisha mtu. Nylgut inakaa katikati ya hizo mbili, na mlio wake una uchangamfu ambao wapigaji wengi wanaupenda, ingawa kwa mkono wangu huwa na mkwaruzo kidogo mpaka uzoeleke.

Kuuvika uzi waya ni njia ya tatu ya kuuongezea uzito. Kiini kinabaki laini na chepesi kupinda, uzito unabebwa na shaba iliyouzunguka, na sauti inatoka na besi iliyo wazi, inayodumu. Gharama yake ni nyingine. Vidole vikiteleza juu ya waya hutoa ule mlio wa kukwaruza ambao kwenye gitaa tumeuzoea, lakini kwenye ala ndogo yenye sauti ya upole husikika kama mtu anayefungua zipu kanisani. Waya husagika pale unapokutana na vile vyuma vilivyokingama shingoni, nao hupoteza mng'ao kwa jasho, hivi kwamba nyuzi zilizovikwa huchakaa mapema kuliko wenzake. Jambo la tatu, ambalo watu hawalisemi sana, ni kwamba zinapokuwa mbili zilizovikwa na mbili zisizovikwa, mpaka kati ya G na B husikika. Wimbo unapopanda kutoka uzi wa tatu kwenda wa pili ni kama mwimbaji mmoja amekaa na mwingine amesimama.

Ungeniuliza miaka mingi iliyopita ningekuambia uvike D na G, kwa sababu kwa nailoni ya kawaida hakuna njia nyingine ya maana, na pakiti nyingi za baritoni zimefungwa hivyo kwa sababu hiyo hiyo. Leo ningekushauri D iliyovikwa, kisha G, B na E za flurokaboni. Mpaka unahama na kukaa kati ya D na G, mahali ambapo besi inaishia hata hivyo, na mlio wa zipu unabaki kwenye uzi mmoja. Kama kazi yako ni kupiga kodi za muziki chini ya waimbaji, yaani kupiga nyuzi zote kwa pamoja na kutafuta mvumo, nyuzi mbili zilizovikwa zitakupa kifua kipana zaidi. Kama wewe ni mtu wa kudonoa nyimbo uzi mmoja mmoja, fuata ushauri wangu wa kwanza. Zile seti zisizo na waya kabisa nimezipiga pia. Zinalingana vizuri sana kutoka uzi hadi uzi, na hakuna mkwaruzo wowote, lakini D yake ina haya, na kwenye baritoni ya bei nafuu yenye ubao wa juu wa plaiwudi haya hiyo hugeuka ukimya.

Kabla hujaagiza, pima ala yako. Chukua umbali kutoka kile kipande chenye mifuo kilicho kichwani mwa shingo hadi chuma cha 12, uzidishe mara mbili. Baritoni nyingine zina sentimita 48 badala ya 51, na tofauti hiyo ndogo inapunguza mkazo kwa zaidi ya asilimia 11. Mwenye ala fupi achukue seti yenye nyuzi nene kidogo. Na ukihama kutoka nailoni kwenda flurokaboni, uzi wako mpya utakuwa mwembamba kuliko mfuo wake. Kwa kawaida hilo halina madhara, isipokuwa uzi ukianza kulia kama nyuki ukipigwa wazi na kuacha kulia hivyo ukibonyezwa, hapo ujue mfuo umekuwa wa kina mno. Ukirudi kwenye nyuzi nene, uzi hukwama kwenye mfuo, na unapokaza kigingi sauti haipandi, kisha inaruka ghafla. Fundi atautanua kwa tupa nyembamba. Usimruhusu autanue kwa msumeno.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mtu wa Mombasa na babu zangu wote ni wavuvi. Nimesikia flurokaboni ni mshipi wa kuvulia tu uliokatwa vipande na kupandishwa bei. Ni kweli? Na ikiwa ni kweli, kwa nini nisinunue roli dukani kwetu?

JIBU: Mwanangu, maneno hayo yana ukweli mwingi. Mada ni ile ile. Wavuvi waliipenda kwa sababu majini haionekani kirahisi kama nailoni, inazama upesi, na hainywi maji. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayotuhusu sisi wapigaji. Nailoni hunywa unyevu wa hewani na sauti yake huhama, jambo ambalo mtu wa pwani analiona kila masika, ambapo ala iliyolinganishwa sauti asubuhi huwa mgeni jioni. Flurokaboni haijali sana. Wapo wapigaji wengi duniani wanaotumia mshipi kwenye ukulele zao bila aibu.

Ila soma roli vizuri. Mshipi huuzwa kwa nguvu ya kukatika, kilo au ratili, na hiyo haikusaidii kitu. Unachotafuta ni unene kwa milimita, nao watengenezaji wengi huuandika pembeni kwa herufi ndogo. Tumia vipimo nilivyompa ndugu wa Kisumu, 0.53, 0.71 na 0.89, na ukikosa hivyo kamili, chukua vya karibu, mradi vyote vitatu viwe vimesogea upande mmoja ili mkazo ubaki sawa kwenye mkono. Hakikisha roli imeandikwa kuwa ni flurokaboni tupu, kwa sababu kuna mishipi ya nailoni iliyopakwa flurokaboni kwa juu, na hiyo kwenye ala ni nailoni. Mshipi uliosukwa usiuguse. Tatizo la kweli ni kwamba roli moja ina mita nyingi na wewe unahitaji chini ya mita moja kwa kila uzi, na unahitaji roli tatu za unene tofauti. Ukipiga hesabu peke yako, pakiti ya dukani inaweza kuwa rahisi. Mkiwa wapigaji sita au saba mkachanga, mshipi unashinda kwa mbali. D iliyovikwa waya hutaipata kwa wavuvi, hiyo nunua ya gitaa kama nilivyomweleza mwalimu wa Tanga.

SWALI: Je, ninaweza kuipa baritoni sauti za G, C, E na A ili nipige pamoja na wenzangu wenye ukulele ndogo bila kubadili vidole? Nimeambiwa ninunue nyuzi nene ili zisikatike.

JIBU: Unaweza, lakini aliyekuambia ununue nyuzi nene amekupoteza. Uzi mnene una nguvu zaidi ya kustahimili, hilo ni kweli, lakini pia unahitaji mkazo mkubwa zaidi ili ufike kwenye sauti ile ile, na mambo hayo mawili hukua pamoja hatua kwa hatua. Kwa hiyo nyuzi za mada moja, nyembamba na nene, hukatika karibu kwenye sauti ile ile, ikiwa urefu ni mmoja. A kwenye sentimita 51 iko juu kidogo ya mahali ambapo uzi wa kwanza wa gitaa huishi siku zote, hivyo inawezekana, ila nafasi ya makosa ni ndogo, na mfuo wenye ukingo mkali hautausamehe uzi. Bila shaka hicho ndicho kilichoukata uzi wa kwanza wa mwalimu wa Tanga.

Nunua seti iliyoandikwa wazi kuwa ni ya baritoni kwa sauti za G, C, E na A. Zipo, na nyuzi zake ni nyembamba ili daraja lisibebe mzigo wa ziada. Chagua ile yenye G ya chini, kwa sababu wenzako tayari wanayo G ya juu, na mwili mkubwa wa baritoni unaonunua kwa pesa zako una faida gani kama hautoi besi? Kama hutaki kubadili nyuzi kila mara, ziache kwenye D, G, B na E na ufunge kibano cha gitaa shingoni kwenye nafasi ya 5, nawe utapata G, C, E na A, G ikiwa ya chini, kwa maumbo yale yale ya vidole waliyonayo wenzako.

SWALI: Nimefunga nyuzi mpya kwenye baritoni yangu wiki hii na kila baada ya wimbo mmoja sauti zimeshuka. Je, nyuzi ni mbovu?

JIBU: Si mbovu. Nyuzi za aina hii hurefuka kwa siku kadhaa kabla ya kutulia. Unaweza kuziharakisha kwa kuushika kila uzi katikati, kuuvuta kwa upole juu ya ubao, kuulinganisha tena, na kurudia. Usiuvute hivyo ule uliovikwa waya, kwa sababu waya unaweza kuachana na kiini. Angalia pia fundo kwenye daraja: flurokaboni ni telezi kuliko nailoni, kwa hiyo pale ulipozoea kuupitisha mkia wa uzi chini ya wenyewe mara moja, upitishe mara mbili au tatu, na mzunguko wa mwisho ulale nyuma ya ukingo wa daraja, si juu yake. Kama baada ya wiki mbili bado zinashuka, weka alama ya kalamu kwenye uzi pale unapotoka kwenye fundo. Alama ikisogea, fundo linateleza. Ikibaki palepale, kaza skrubu ndogo iliyo kwenye kichwa cha kigingi, robo mzunguko tu.